Kampuni imetumia picha yako bila ruhusa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali ambayo wapiga picha wanauliza kila wakikuta kazi yao kwenye tangazo la mtu, kwenye gazeti au kwenye jalada la kitabu. Sheria za nchi hazifanani kila kitu, kwahiyo pale jambo linapotegemea nchi tumeitaja. Msimamo wetu ni huu na utauona kila mahali: hii ni biashara iliyofanyika bila wewe kulipwa, kwahiyo ishughulikie kama deni.

## MAMBO YA MSINGI

Nimepiga picha mwenyewe, je haki ni yangu hapohapo au mpaka nikasajili?

Ni yako tangu ulipobonyeza. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo una nchi wanachama zaidi ya 180, unasema ulinzi hauhitaji usajili wala ile alama ya herufi c ndani ya duara wala karatasi yoyote. Iwe umepiga na kamera ya bei mbaya au na simu iliyopasuka kioo, haki ni ileile.

Ila kuna nchi usajili unakupa meno zaidi ukifika mahakamani, na Marekani ndo mfano mkubwa, tumeieleza chini kwenye sehemu ya sheria.

Wanasema picha ni kubonyeza kitufe tu, si kazi ya ubunifu. Kuna ukweli?

Hoja hii ilishachoka zamani. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa kwenye kesi ya Napoleon Sarony, aliyempiga picha mwandishi Oscar Wilde, ikasema aliyepanga mkao, nguo na mwanga ndo mtunzi. Na Ulaya mwaka 2011, kwenye kesi ya mpiga picha Eva-Maria Painer, mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema hata picha ya sura ya mtu inalindwa kama kazi nyingine yoyote, mradi kuna maamuzi ya mpiga picha ndani yake.

Nikishaiposti mtandaoni si imekuwa ya kila mtu?

Hapana. Kuonekana na kuruhusiwa ni vitu viwili. Wengi wanachanganya "iko wazi" na "ni ya bure", na hao wengi wako kwenye ofisi za matangazo, bahati mbaya.

Kuna kesi nzuri sana ya Ujerumani hapa. Mpiga picha Dirk Renckhoff alikuwa ameruhusu websaiti moja ya safari itumie picha yake ya mji wa Córdoba, mwanafunzi akaipakua kwa ajili ya kazi ya darasani, shule ikaiweka kwenye websaiti yake. Picha haikuwa imefungwa, mtu yeyote angeweza kuipakua, na hata jina la websaiti ilikotoka mwanafunzi aliliandika. Mwaka 2018 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema kuiweka upya kwenye websaiti nyingine kunahitaji ruhusa mpya ya mwenye picha. Sasa kama shule iliambiwa hivyo, kampuni inayouza viatu itajitetea vipi?

Kama wameandika jina langu chini ya picha bado wana kosa?

Ndiyo. Jina ni haki moja, ruhusa ni haki nyingine, na kutimiza moja hakufuti nyingine. Tena saa nyingine jina linakusaidia wewe, maana linaonyesha walijua kabisa picha ni ya nani na bado hawakuuliza.

Na kama wamekata wotamaki (ile alama yako juu ya picha) au wamefuta jina?

Hapo wamejiongezea. Nchi nyingi zinahesabu kufuta taarifa za mwenye kazi kama kosa la pembeni linalojitegemea. Marekani kosa hilo peke yake lina fidia ya dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila tukio, ila lazima uonyeshe walifanya kwa kujua kwamba kunasaidia au kunaficha wizi. Kwahiyo tunza faili lako halisi lenye wotamaki na ulinganishe na la kwao.

Nasikia ukibadilisha picha asilimia 30 inakuwa yako, kweli?

Uongo. Hakuna asilimia yoyote, si 10 si 30, sijui nani aliianzisha hii ila imesambaa kuliko sheria yenyewe. Kugeuza rangi, kukata pembeni, kuigeuza kushoto kulia, kuweka maandishi juu, yote bado ni picha yako.

Kati yangu, mteja na mwajiri, nani mwenye picha?

Inategemea mliandikiana nini. Kama umeajiriwa na kupiga picha ndo kazi yako, nchi nyingi zinampa mwajiri. Kama ni wa kujitegemea, kwa kawaida haki inabaki kwako na mteja anakuwa amenunua matumizi, hata kama alilipa hela yote, hata kama chakula na usafiri alitoa yeye. Ila kuna nchi zina utaratibu tofauti kwa kazi za kuagizwa, kwahiyo usiache hii ielee hewani: andika kwenye mkataba picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na kama mteja anaruhusiwa kuwapa wengine. Magomvi mengi sana hayaanzi kwa mwizi wa mbali, yanaanzia kwa mteja wa jana aliyegawa picha kwa msambazaji wake na msambazaji naye akagawa.

Mtu aliyepo kwenye picha naye ana haki?

Ana haki ya sura yake na faragha yake, hana hakimiliki ya picha. Maana yake kampuni inaweza kuwa na deni kwenu wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Na wewe pia kabla hujauza picha ya mtu kwa ajili ya tangazo, hakikisha una sahihi yake ya kukubali.

## NIMEIKUTA, NIFANYEJE?

Nianze na nini?

Ushahidi. Kabla ya meseji, kabla ya kuwapigia, kabla ya kumwambia hata rafiki yako anayependa kukoment. Kwasababu wakishtuka tu wanafuta ndani ya dakika tano na wewe unabaki na hadithi.

Piga skrinishoti ya ukurasa mzima, si picha peke yake, ionekane anuani ya ukurasa, tarehe na jina la biashara. Nakili linki ya ukurasa na linki ya picha yenyewe. Ingiza ukurasa kwenye Wayback Machine, websaiti inayohifadhi kopi za kurasa za mtandao, ili kuwe na kopi ambayo haikutengenezwa na wewe, maana skrinishoti zako wanaweza kusema umezichora. Kama ni gazeti au kitabu, nunua nakala na utunze risiti. Kama ni bango la barabarani, lipige picha kwa mbali na kwa karibu. Halafu kwa upande wako tafuta faili halisi, RAW (faili ghafi la kamera) kama ipo, pamoja na picha zilizopigwa kabla na baada ya hiyo, kwasababu mwizi anaweza kuwa na picha moja lakini hana zile kumi za jirani yake.

Nitajuaje picha zangu zinatumika wapi?

Tafuta kwa picha badala ya maneno. Google Lens na TinEye zinafanya kazi hiyo, na matokeo yao hayafanani kwahiyo tumia zote mbili. Anza na zile picha zako zinazopendwa zaidi, usijitese kutafuta kila kitu ulichowahi kupiga. Za kwenye karatasi hazionekani huko, hizo mara nyingi utaambiwa na watu.

Kwanini nisiwaanike mtandaoni kwanza?

Hakuna anayekuzuia, ila hesabu. Ukiwaanika kabla ya kudai, unawapa sababu ya kufuta ushahidi na kukuzungusha kwa mawakili, na ukikosea jambo dogo (labda walinunua leseni kwa mtu aliyewauzia picha yako kitapeli) wewe ndo unakuwa na kesi ya kuchafua jina. Kelele zinaleta laiki, na laiki hazilipi kodi ya nyumba. Dai kwanza kimyakimya, kwa maandishi, na ukishindwa ndo ufikirie hadharani.

Barua ya kwanza iandikweje?

Fupi, bila matusi. Sema wewe ni nani, picha ni ipi (iambatanishe), mmeitumia wapi na tangu lini unavyoona, hakuna leseni niliyotoa, kama mnayo nitumieni nakala. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwasababu linawalazimisha waonyeshe karatasi au wanyamaze. Kisha weka kiasi unachodai na tarehe ya mwisho ya kujibu, wiki mbili zinatosha. Ambatanisha invoisi.

Itume kwa mtu mwenye mamlaka ya kulipa, siyo kwa anayejibu inboksi ya mitandao ya kijamii. Huyo kijana hana bajeti, ana emoji tu.

Nidai kiasi gani?

Msingi ni ile ada ambayo ungewatoza kama wangekuja mlangoni kistaarabu. Itategemea: ni tangazo au maelezo ya kawaida, ukubwa, idadi ya nakala, muda, maeneo iliyosambazwa, na kama ilikuwa sura kuu ya kampeni au kapicha pembeni. Kama una invoisi za zamani za wateja wanaofanana nao, hizo ndo ushahidi wako bora wa bei, kuliko jedwali lolote la mtandaoni.

Juu ya hapo wengi wanaongeza kwa sababu jina halikuwekwa na kwa sababu hawakuomba. Sawa, ongeza, ila iwe kitu unachoweza kukitetea mbele ya mtu wa tatu. Ukidai mamilioni kwa picha iliyokaa siku mbili kwenye blogu ya duka dogo, hakimu akiona barua hiyo utaonekana wewe ndo mtafuta hela.

Wanasema hawakujua, wameitoa Google, au dizaina wao ndo aliiweka. Je?

Google si duka la picha, inakuonyesha tu kitu kiko wapi. Na dizaina ni mambo yao ya ndani, wakulipe wewe kisha wakadaiane huko. Kutokujua kunaweza kupunguza kiasi cha fidia kwenye baadhi ya nchi, lakini hakugeuzi matumizi kuwa halali.

Wameshaiondoa wakasema "samahani, yameisha". Yameisha kweli?

Kuondoa kunasimamisha matumizi ya kesho, ya jana bado yanadaiwa. Mshukuru kwa kuondoa na utume invoisi ileile.

Wananiambia watanipa "umaarufu" badala ya hela.

Waambie utawatag mkiwa mmeshalipana.

## MAGAZETI, VITABU NA VYOMBO VYA HABARI

Gazeti linasema ni habari kwahiyo wana ruhusa ya kisheria. Kweli?

Kuna misamaha ya habari, uhakiki na nukuu, na inatofautiana sana. Uingereza kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kutumia kazi za watu kwa kuripoti matukio ya sasa, lakini imetoa picha za kamera nje ya msamaha huo kwa jina kabisa. Waliotunga waliona mbali: kama kila gazeti lingeruhusiwa kuchukua picha ya tukio kwa kisingizio cha tukio, nani angemlipa mpiga picha wa habari tena?

Marekani wanapima kwa mambo manne, likiwemo kama matumizi yao yanakula soko lako. Picha ya habari ikitumika kupambia habari ileile uliyoipigia picha hiyo ili uiuze, utetezi wao unakuwa mwembamba. Ila kama habari ni kuhusu picha yenyewe, mfano picha imeleta mjadala na wanaijadili, hapo wana hoja, uwe mkweli na nafsi yako.

Niliiposti kwenye mtandao wa kijamii, wao wanasema masharti ya mtandao yanawaruhusu.

Masharti hayo yanaupa ruhusa mtandao wenyewe, na hayamgeuzi kila anayepita kuwa mteja wako. Soma habari ya Daniel Morel. Januari 2010 tetemeko lilipoipiga Haiti alikuwa Port-au-Prince, akapiga picha na kuziweka Twitter. Shirika la habari la AFP likazichukua, zikapelekwa Getty, kampuni kubwa ya kuuza picha, zikasambaa dunia nzima, tena mwanzoni zikiwa na jina la mtu mwingine. AFP wakajitetea kwamba masharti ya Twitter yanaruhusu. Jaji akakataa, na Novemba 2013 baraza la mahakama (jury) likaamuru Morel alipwe dola milioni 1.2.

Cha kuokota hapo siyo kiasi, kesi za hivyo ni nadra. Ni kwamba shirika kubwa lenye mawakili wa kila aina lilisoma masharti yaleyale na likakosea.

Hawakupakua, wamepachika posti yangu kwenye ukurasa wao. Hiyo nayo?

Hili ni bado vurugu. Mahakama moja ya rufaa ya Marekani tangu 2007 inasema kama picha haiko kwenye seva yao hawajaionyesha wao, na ikarudia msimamo huo 2023, wakati majaji kadhaa wa New York wameukataa. Ulaya kupachika kwa kawaida kunaruhusiwa kama chanzo kiko wazi, ila ukiweka kizuizi cha kiteknolojia na wao wakakiruka, ni kosa. Njia rahisi kwako: fanya akaunti iwe ya faragha au futa posti, picha inapotea kwao pia.

Mchapishaji alilipia toleo moja, sasa ipo kwenye toleo la pili na la kielektroniki.

Rudi kwenye leseni mliyosaini. Kama inasema toleo moja, idadi fulani ya nakala, basi ziada yote ni matumizi bila ruhusa, hata kama mnafahamiana na mlikunywa chai pamoja. Wachapishaji wa vitabu vya shule wameshitakiwa sana kwa kuchapa nakala nyingi kuliko walizolipia. Omba kwa maandishi idadi ya nakala zilizochapwa.

Walitengeneza mchoro kutokana na picha yangu, wanasema ni sanaa mpya.

Inategemea wameutumia kwa kazi gani. Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair likalipa dola 400 ili picha hiyo iwe msingi wa mchoro, mara moja tu. Msanii Andy Warhol akachora, tena zaidi ya mchoro mmoja. Prince alipofariki 2016, mchoro mwingine ukawekwa kwenye jalada la jarida, taasisi ya Warhol ikalipwa dola 10,000, Goldsmith hakupata hata jina. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 2, ikasema kwa matumizi yale ya kuuzia jarida, mchoro ulikuwa unafanya kazi ileile ya picha, kwahiyo utetezi haukusimama. Angalia kwamba ile karatasi ya "mara moja tu" ndo ilimbeba miaka 30 na ushee baadaye.

## KUONDOLEWA NA MAHAKAMA

Wamegoma kujibu. Naweza kuiondoa bila mahakama?

Ndiyo, pitia kwa anayehifadhi websaiti yao au mtandao walikoposti. Sheria ya Marekani ya DMCA ya 1998, inayohusu hakimiliki mtandaoni, ndo inafuatwa na mitandao mingi mikubwa: unataja kazi yako, linki ya wanapoitumia, mawasiliano yako, unathibitisha kwa nia njema kwamba hawana ruhusa, unasaini. Usitume kwa picha isiyo yako, unaapa pale.

Wakipinga, mtandao unaweza kurudisha picha baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua kesi. Na kumbuka kuondolewa siyo kulipwa, kwahiyo kama lengo ni hela, tuma invoisi kabla.

Usajili wa Marekani una faida gani kwangu?

Ukisajili kabla ya wizi, au ndani ya miezi mitatu tangu kuchapisha kwa mara ya kwanza, unaweza kudai fidia iliyowekwa na sheria: dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, na hadi 150,000 kama walikusudia, bila kuhangaika kuthibitisha hasara. Bila hapo unabaki kuthibitisha hasara halisi. Fomu moja inabeba hadi picha 750. Tangu 2022 kuna pia baraza dogo la madai, mwisho dola 30,000, wakili si lazima, ila mdaiwa ana siku 60 za kujitoa na akijitoa ndo basi. Uingereza nao wana njia fupi ya madai yasiyozidi pauni 10,000.

Nimechelewa miaka kadhaa, bado nadai?

Marekani kikomo ni miaka mitatu, Uingereza sita. Kila nchi na yake, uliza mapema.

Kuna kampuni zinadai kwa niaba yangu kwa kugawana asilimia. Nijiunge?

Zinasaidia kama kampuni iliyochukua iko mbali na hujui lugha yao. Ila soma kama unaruhusiwa kusamehe mtu unayemtaka, maana wakimtumia barua kali mteja wako wa kudumu, uhusiano umekufa.

## MAMBO TATA

Nilitoa picha kwa leseni ya Creative Commons (leseni za kuruhusu watu watumie kazi yako bure kwa masharti), kampuni imeitumia.

Kama ni ile inayotaka jina tu, kibiashara wanaruhusiwa, wakiacha jina wamevunja. Toleo 4.0 linawapa siku 30 za kurekebisha tangu wajue. Kama ina alama ya NC (si kwa biashara), matangazo hapana. Na uliyoitoa huwezi kuwanyang'anya walioipata tayari, fikiria kabla.

Picha zangu zimetumika kufundishia akili mnemba.

Kesi bado zinaendelea nchi mbalimbali. Mpiga picha Robert Kneschke alishindwa Hamburg mwaka 2024 dhidi ya LAION, shirika linalokusanya data za picha za kufundishia akili mnemba, kwasababu mahakama iliona ukusanyaji ule ulikuwa wa utafiti wa kisayansi. Ulaya mwenye kazi anaweza kukataa matumizi ya kibiashara ya namna hiyo kwa tamko linalosomeka na mashine, kwahiyo liweke kwenye websaiti yako.

Nimepokea barua inanidai kwa kutumia picha yangu mwenyewe!

Inatokea. Carol Highsmith, aliyekabidhi maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge ya Marekani zitumike bure na umma, mwaka 2016 alidaiwa dola 120 kwa picha aliyoipiga yeye. Akaishitaki Getty na wengine kwa dola bilioni moja, sehemu kubwa ya madai ikatupwa, kwasababu picha alizokwisha kuzitoa kwa umma hakuwa tena na hakimiliki nazo ya kudai.

Wewe ukipata barua hiyo usilipe wala usiitupe. Jibu kwa maandishi, ambatanisha faili halisi na picha zile za jirani yake, waulize leseni yao wameipata kwa nani na waonyeshe mkataba. Kisha tafuta ni nani aliiweka kwenye ghala lao, kwasababu huyo ndo mdaiwa wako wa kweli.